Makala hii na makala haya: kuandika Nyiragongo bila kuusahau msitu

Ukisema mbele ya watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwamba wewe unaandika makala, jiandae kuchekwa. Kwetu makala ni mkaa. Ni lile gunia jeusi lililosimama mbele ya duka la mtaa, limezibwa mdomo kwa majani ili vipande visimwagike, na ni lile vumbi lisilotoka kwenye viganja vya mama anayepima kwa kopo. Siku moja nilimwambia muuzaji wangu wa siku zote, pale Soko la Virunga, kwamba nimechelewa kwa sababu nilikuwa namalizia makala. Akanitazama toka juu mpaka chini. "Weye pia unauzishaka makala, mutoto yangu?" Nikamweleza kwamba ni maandishi, watu wanayasoma kwenye simu, yanahusu safari ya mulima. Akafikiri kidogo. "Na hiyo makala yako, inapikaka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu juu ya kupanda Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, na ndani yake hamkuwa na hata kipande kimoja cha makala ya mama yule. Basi hapa nitatofautisha kwa upatanisho: makala hii husomwa, makala haya huwaka. Ni tofauti ya silabi, lakini mtu anayetaka kuandika milima yetu asipojua inakoanza na inakoishia, ataandika nusu ya habari.

Tatizo lenyewe ni hili. Kuna namna mbili za kuiandika Virunga, hifadhi ya taifa ambamo mlima huo umo, na kila moja inaishi kana kwamba mwenzake hayupo. Ya kwanza ni ya safari: mwandishi anaamka alfajiri, anafika Kibati inakoanzia njia, anatembea saa tano, anatetemeka, anachungulia kreta, lile shimo la juu la volkano. Vitenzi vyake vyote ni vya nafsi ya kwanza. Ya pili ni ya uhifadhi: kilomita za mraba zipatazo 7,800, Urithi wa Dunia tangu 1979, orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1994, gorila wa mlimani 1,063 katika hesabu ya mwisho ya Virunga yote na Bwindi ya Uganda, askari wa parki zaidi ya 200 waliouawa. Hii ya pili haina miguu. Hakuna anayechoka ndani yake, hakuna anayeona kiu, na msomaji anaikunja kabla hajafika kwenye tarakimu ya tatu.

Wahariri wakiliona hilo huomba "mchanganyiko", kana kwamba tunapiga zege: ndoo moja ya safari, ndoo moja ya mazingira. Matokeo yake tunayajua. Aya tisa za kupanda, kisha aya moja ya huzuni mwishoni kuhusu misitu inayokatwa, kama mtu aliyekumbuka kutoa pole akiwa ameshafika mlangoni. Mimi siamini habari ya nusu kwa nusu. Katika mlima huu mambo hayo mawili yalishashonwa pamoja kabla hatujazaliwa. Kazi ya mwandishi ni kuutafuta mshono.

Mwindaji aliyeomba hifadhi

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda miteremko ya Mikeno, ule mlima wa mita 4,437 wenye kilele kama jino, unaoonekana kutoka mjini asubuhi mawingu yakiwa bado hayajashuka. Alikuja kuwapiga gorila risasi kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, na aliwapiga. Ngozi zao zilijazwa, zikasimamishwa nyuma ya kioo mbele ya mandhari ya Virunga iliyochorwa kwa rangi, na mpaka leo zipo. Lakini mtu yule alishuka na wazo ambalo hakupanda nalo: hawa ni wachache, watakwisha. Akaanza kuwashawishi wakubwa. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alisaini amri ya kuanzisha hifadhi iliyobeba jina lake, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Akeley alirudi 1926, akaugua njiani, akafia Kabara, kwenye bonde la juu kati ya Mikeno na Karisimbi. Alizikwa hukohuko. Mwaka 1967 mtafiti wa gorila Dian Fossey alipiga hema palepale Kabara, kabla vurugu za Kongo hazijamsukuma avuke kwenda upande wa Rwanda.

Napenda kisa hiki kwa sababu kinamwonyesha mpenda safari na mhifadhi katika kiwiliwili kimoja, bunduki mkononi. Ila kina tundu. Mpaka uliochorwa na wakoloni, kisha ukasogezwa mbele miaka iliyofuata, ulipita juu ya mashamba, malisho na njia za watu. Nenda vijijini Rutshuru, mzee atakunyooshea kidole na kukwambia hapa palikuwa shamba la baba yake. Mwandishi anayeandika "msitu bikira", maneno tuliyoyaokota kwenye Kifaransa, amemfuta mzee huyo kwa maneno mawili tu. Majirani zetu wa Bukavu wana kidonda kikubwa zaidi: hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, Wambuti waliokuwa wakiishi msituni, ambao wengine huwaita Batwa, wakaondolewa, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Hakuna simulizi la kutembea Kahuzi linaloweza kujifanya halikusikia hayo.

Kutoka Kibati

Nilipanda Nyiragongo mwaka 2019. Parki ilikuwa imefunguliwa tena Februari, baada ya kufungwa kwa sababu ya utekaji wa Mei 2018, ambapo askari wa parki, mwanamke wa miaka 25, aliuawa akiwalinda wageni. Mimi nilikuwa mkalimani wa wageni wawili, kwa hiyo nilikuwa nalipwa kusikia, jambo linalomfaa sana mwandishi.

Njia ile ni darasa kwa asiye na haraka. Kibati iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta uko mita 3,470. Unaanza ndani ya msitu mzito, wenye unyevu, ambao ndege wake unawasikia tu. Kisha unatokea kwenye mto wa mawe: lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopasua ubavu wa mlima, ikashuka mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia Ziwa Kivu. Juu ya mawe yale kumeota kitu cha kijivu kama sufu. Ndicho kinachotangulia daima. Kinashika jiwe tupu, kinakamata vumbi na unyevu, na baadaye kwenye nyufa hutokea majani ya jamii ya kangaga, halafu vichaka, halafu mti. Lava ya 1977 ina mimea mingi kuliko ya 2002. Ukizoea, unaweza kukisia umri wa jiwe kwa kutazama kinachoota juu yake. Baada ya hapo ni Shaheru, kreta kongwe iliyolala ubavuni, na baada ya Shaheru miti inakuwa mifupi na kuvaa ndevu za kijivu, kunatokea mimea ya ajabu yenye vichwa kama kabichi juu ya nguzo, na mwisho mawe matupu yanayoteleza chini ya kiatu.

Mwandishi wa safari hapa huandika: magoti yaliniuma. Ni kweli, yaliuma. Ninachomwomba ni kuyatumia maumivu hayo kama alama za njia. Pale pumzi ilipokatika, ni mmea gani uliokuwa mbele ya macho, na kwa nini huo na si ule wa saa moja iliyopita? Miguu inapanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, na mimea imejipanga kwa mpango huohuo. Ukiandika hivyo, msomaji anajifunza elimu ya viumbe bila kuambiwa sasa tunaingia darasani, na simulizi halisimami hata hatua moja.

Kule juu, usiku, ziwa la lava lilikuwa bado lipo. Lilikuwa likivuma kama mawimbi ya Kivu siku ya upepo. Niliandika aya ndefu sana juu yake na sitairudia hapa. Kila aliyefika ameiandika, na zote zinafanana.

Kitu ambacho sikukiandika ni gunia. Mbele yangu njia nzima alitembea mbebaji, kijana wa Kibati aliyevaa mabuti ya mpira, na alichobeba kilikuwa makala haya, yale yanayowaka. Juu kule baridi hukaribia sifuri, hakuna kuni, na wageni wanataka chai. Nilimwuliza yametoka wapi. "Ku soko." Na soko limeyatoa wapi? Akacheka bila kugeuka. "Makala haina jina, mukubwa."

Makala yasiyo na jina

Alikuwa sahihi. Mti ukishaungua kwenye tanuri, jicho la mnunuzi haliwezi kujua kama ulikuwa mkaratusi uliopandwa shambani au mti wa miaka mia uliokatwa ndani ya parki. Tangu 2007 mradi wa shirika la uhifadhi WWF uitwao EcoMakala umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti inayokua upesi, ili makala ya halali yapatikane. (Kiswahili kina ukarimu hapa, kimetupa kitenzi kimoja cha kupanda mlima na kupanda mti. Mwandishi mvivu angefurahia mchezo huo na kwenda kulala.) Lakini sokoni magunia husimama pamoja, ya halali na ya wizi, kwa bei ileile.

Tanuri la kienyeji ni rahisi kulieleza. Magogo hupangwa, hufunikwa majani na udongo, huwashwa, kisha huachwa yaungue polepole kwa siku kadhaa bila kupata hewa ya kutosha. Kilo moja ya makala hula kilo tano mpaka kumi za kuni. Hapo ndipo hesabu inapoumiza, kwa sababu chini ya mlima kuna mji wa watu zaidi ya milioni moja, na sehemu kubwa yao hupika kwa makala. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, megawati 13.6, ulianza 2015 ukiwa na nia hiyohiyo ya kuupunguzia msitu mzigo. Mtaani kwangu umeme uliwasha kwanza taa na simu. Sufuria la maharage bado liko juu ya mbabula, jiko letu la makala, maana maharage yanataka saa tatu za moto, na saa tatu za umeme mama anazihesabu kwa franga.

Ongeza vita. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika kwa mamia ya maelfu, wakawekwa pembeni mwa parki, na kila familia ilihitaji kupika. Miaka ya karibuni, watu waliofurushwa Rutshuru walilala chini ya turubai Kanyaruchinya, mguuni pa Nyiragongo. Mtu wa namna hiyo hakati mti kwa kuwa hapendi maumbile. Wanaofaidi ni wengine, na makundi yenye silaha yanayotoza kodi kwa kila gunia linalotoka msituni yamo katika hesabu hiyo. Habari ya uhifadhi inayomlaumu mwenye kopo na kumruka mwenye bunduki imeogopa mahali palipohitaji ujasiri. Ujasiri wa kupanda mlima usiku ni mdogo kuliko huo.

Aprili 2019 picha moja ilizunguka dunia: askari wa Virunga amejipiga picha kwa simu, na nyuma yake gorila wawili wa kike wamesimama wima kama mashangazi wanaosubiri basi. Ni Ndakasi na Ndeze. Watu walicheka, na mimi pia. Lakini wale walikuwa yatima. Mama zao waliuawa katika mauaji ya Juni na Julai 2007, ambamo pia dume la mgongo wa fedha aitwaye Senkwekwe alipigwa risasi. Ndakasi alikutwa akiwa na umri wa miezi miwili, ameng'ang'ania mwili wa mama yake. Miili haikuliwa wala vichwa havikuchukuliwa. Waliochunguza waliunganisha mauaji yale na biashara ya makala, kama onyo kwa walioizuia. Ndakasi alikufa tarehe 26 Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake, André Bauma. Kutoka kwenye gunia la kijana wa Kibati mpaka kwenye picha iliyochekesha dunia, njia si ndefu hata kidogo, na ndiyo njia niliyoshindwa kuiona nilipokuwa nahesabu hatua zangu.

Picha ile inatufundisha jambo jingine, la kazi. Wale wawili waliishi na walezi wao katika kituo cha Rumangabo, ndiyo maana walisimama karibu. Gorila wa msituni hakaribiwi hivyo: saa moja tu, barakoa usoni, na umbali ambao zamani ulikuwa mita 7 na baada ya Korona ukawa 10. Mafua yetu madogo kwao ni msiba. Mwandishi anayetaka msisimko hushawishika kuandika "alinipita nikasikia pumzi yake". Ikiwa kweli ilitokea, aandike pia kwamba yeye alirudi nyuma, au kwamba hakurudi na alipaswa.

Kinachofichwa

Simulizi la safari hupenda kueleza kila kona: geuka pale, utaona pango, nyuma yake kuna chemchemi. Uhifadhi unataka mdomo mzito. Ukitaja familia ya gorila imelala bonde gani, au ukiacha simu yako iandike mahali ndani ya picha, umemchorea mwindaji ramani. Saa za doria huziandiki, wala idadi ya askari kwenye kituo. Na kwa hapa Goma kuna siri kubwa zaidi ya hizo: mtu aliyekueleza makala yanapita wapi. Huyo hana jina, hana kijiji, na ikibidi hana hata jinsia. Wageni hufikiri chui ndiye wa kulindwa. Mimi huanza na aliyenieleza.

Hatari nayo hutumiwa kama pilipili. "Nilipanda volkano katikati ya vita." Haya, ulipanda, nawe ukashuka, ukapanda ndege. Tarehe 24 Aprili 2020 askari wa parki 12 waliuawa karibu na Rumangabo pamoja na dereva na raia wanne. Hatari ya mahali hapa ina wenyewe, na mwandishi mpita njia anaiazima kwa siku mbili. Aiandike kama kitu cha kuazima.

Kuna jambo ambalo lugha ya uhifadhi hulikosea zaidi kwetu kuliko kwingine. Imezoea maumbile yaliyo mgonjwa, yanayohitaji kuokolewa. Nyiragongo si mgonjwa. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ilifunguka bila kubisha hodi, lava ikashuka mpaka pembeni mwa mji, ziwa lile la juu likatoweka, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu wakahama kwa amri, wengine Sake, wengine Rwanda, wengine kwa meli mpaka Bukavu. Nyumba zetu tunazijenga kwa mawe meusi yaliyotoka tumboni mwake. Upande wa Sake kuna mabonde yenye mazuku, hewa nzito ya kaboni inayotulia chini na kuua mbuzi na watoto bila harufu. Wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno letu lilivyo. Wekundu wa mawingu usiku ulikuwa, kwa mgeni, uzuri wa kupiga picha. Kwa bibi yangu ulikuwa taa ya kutazama kabla ya kulala, ajue kama mlima bado una mahali pa kuweka moto wake.

Pesa niiseme upesi, kwa kuwa watu huificha kama aibu. Kabla ya kufungwa, kibali cha Nyiragongo kilikuwa dola 300, cha kuona gorila Virunga dola 400; ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilipandisha chake mpaka 1,500 mwaka 2017. Katika safari hizo kulikuwa na mshahara wa askari na ujira wa mbebaji. Ndiyo sababu kufungwa kwa mlima, kwa utekaji wa 2018, kwa Korona ya 2020, kwa lava, kisha kwa vita vilivyoingia mjini Januari 2025, si mstari wa "kwa bahati mbaya" mwishoni mwa simulizi. Mwandishi wa safari asiye na safari bado ana habari: kijana wa mabuti ya mpira anakula nini mlima ukifungwa? Wengine, najua, walirudi kwenye tanuri.

Niliiandika upya makala ile. Nilianza na miguu yangu kama kwanza, ila gunia liliingia katika aya ya pili na halikutoka. Kabla ya kuituma nilirudi Soko la Virunga, nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea mama yule kwenye simu huku akipimia wateja. Alisikiliza mpaka pale nilipoandika kwamba mbebaji alitangulia gunia likiwa kichwani. Akaninyamazisha kwa kiganja cheusi.

"Ku kichwa? Kupanda kule? Hapana, mutoto yangu. Mulima banabebaka ku mugongo, kamba inapita ku paji." Akajigusa paji la uso, mahali ambapo kamba imeacha mfereji. "Rekebisha iyo."

Nikarekebisha palepale.